Maswali Yenu: Chekechea Wanacheza Tu?

Mwanangu ana miaka minne. Nikimuuliza wamefanya nini chekechea, jibu ni "tumecheza". Mtoto wa jirani, shule nyingine, anahesabu mpaka 100. Nimhamishe? (Mama, Morogoro)

Subiri kwanza. Mwekee vizibo vya soda mkekani, umwambie akupe saba. Mjaribu na wa jirani. Wengi wanaofika 100 kwa mdomo hukwama hapo, maana wamekariri kama wimbo. Kuhesabu ni kugusa kimoja kimoja na kujua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla, na hilo mtoto hulipata kwenye mdako na kugawana karanga. Kalamu nayo inataka vidole vyenye nguvu: afinyange udongo, amenye mayai, afunge vifungo vya shati lake. Cha kukutia wasiwasi ni mwalimu anayeshinda na simu watoto wakicheza. Pita siku moja asubuhi bila kutoa taarifa, uone.

Shule ya karibu imeandika "Montessori" getini, ada mara mbili. Kuna tofauti kweli? (Baba, Kimara)

Montessori ni mtindo wa kumwacha mtoto ajifunze kwa kazi anazojichagulia, na jina hilo halina mwenyewe. Yeyote anaweza kulibandika. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 San Lorenzo, mtaa wa mafukara jijini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda vibaruani. Ndiyo maana ada za siku hizi hunichekesha. Ingia darasani. Zana ziko kwenye rafu fupi anazozifikia mtoto? Wa miaka mitatu na wa mitano wako pamoja? Aliyechagua kazi anaachwa aimalize, au kengele inamkatiza kila nusu saa? Ukikuta madawati yote yameelekea ubaoni, unalipia kibao cha getini tu.

Akizoea kujichagulia si atadeka?

Anachagua kati ya vile alivyoandaliwa, hampokonyi mwenzake, na akimaliza anarudisha kitu mahali pake. Watu wazima wangapi wanafanya hivyo?

Nafundisha darasa la awali, watoto 90 chumba kimoja. Kona za ujifunzaji, zile sehemu za darasa zenye zana za kuchezea na kujifunzia, niziweke wapi? (Mwalimu, Geita)

Mwalimu, mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Najua umeusoma ukacheka. Achana na kona zote. Anza na mbili chini ya mti: mchanga wa kuchorea, na vizibo vya kupanga kwa rangi. Iombe kamati ya shule wazazi wawili wa kujitolea. Nusu ya watoto watoke nao, nusu wabaki nawe kwa hadithi, kisha wabadilishane. Zana za dukani si lazima: shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la Aga Khan Foundation zilitumia vitu vya jirani, vifuu vya nazi na makombe ya baharini. Kila siku watazame watoto watano tu kwa makini, uandike mstari mmoja kwa kila mmoja. Ndani ya wiki nne umewapitia wote.

Mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu anamchapa. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Nenda kwa mwalimu mkuu kesho, fimbo hiyo ikome. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, endelea kumfundisha. Kalamu aishike anavyoweza. Daftari liwe upande wake wa kushoto, limeinamishwa kidogo, asifute wino kwa kiganja.