Baiskeli ya kaka na mnyororo wa baiskeli kwa Kiingereza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Waingereza husema "my brother's bicycle", lakini mnyororo wa baiskeli huwa "bicycle chain", bila ile "s". Kiswahili hutanguliza kinachomilikiwa, kisha -a unganifu hufuata ngeli yake: baiskeli ya kaka, mnyororo wa baiskeli. Kiingereza hugeuza mpangilio huo, mwenye mali akatangulia, na akiwa mtu huongezewa ritifaa (') na "s". Sehemu ya chombo, kwa kawaida, hutajwa kwa kupanga nomino mbili tu, kwa kuwa "bicycle chain" hueleza ni mnyororo wa aina gani, si mali ya nani.

Ugumu hasa uko kwenye ritifaa, alama ileile tunayoiandika katika "ng'ombe". "My brother's bicycle" ni baiskeli ya kaka mmoja, ilhali "my brothers' bicycle" ni baiskeli moja ya kaka zangu kadhaa. Matamshi hayatofautiani hata kidogo, hivyo msikilizaji hutegemea muktadha. Nomino ikiachwa, sema "this bicycle is mine", wala si "my". Na katika "its chain" usitie ritifaa, kosa ambalo hata Waingereza wenyewe hulifanya mara kwa mara.