Ukitaka kuelewa vimeng'enya vinavyounda RNA bila kiolezo, anza na CCA

Katika kufundisha baiokemia nimeona wanafunzi wengi wakiimudu vizuri kanuni kwamba RNA hunakiliwa kutoka kwenye DNA, ambayo ndiyo kiolezo chake, herufi (yaani besi) baada ya herufi, kisha wakakwama wanapokutana na kimeng'enya kinachoongeza herufi ambazo hazimo kwenye jeni yoyote. Ushauri wangu kwa anayeanza mada hii ni kwamba asihangaike na orodha ya vimeng'enya vyote vya namna hiyo, bali achague kimoja, kile kinachoongeza herufi CCA kwenye tRNA, yaani RNA ndogo inayobeba asidi amino, akielewe barabara.

Kila tRNA inayofanya kazi huishia na CCA, yaani nafasi ya 74, 75 na 76, na asidi amino hushikizwa kwenye ile A ya mwisho. Bila mkia huo, tRNA haiwezi kupeleka chochote kwenye ribosomu, mahali protini zinapoundwa. Kwa bakteria E. coli herufi hizo zimo ndani ya jeni zenyewe, lakini kwa binadamu hazimo. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi waandike mfuatano wa jeni moja ya tRNA ya binadamu, na chini yake waandike tRNA iliyokomaa. Herufi tatu za ziada zinapojitokeza mwishoni, swali huja lenyewe: taarifa hii ilikuwa imehifadhiwa wapi?

Imehifadhiwa katika umbo la kimeng'enya. Mwaka 2002 ulichapishwa muundo wa kimeng'enya hiki kutoka kwa bakteria Bacillus stearothermophilus, na hapo ndipo ninaposhauri msomaji atumie muda mwingi zaidi. Ndani ya mfuko wake, asidi amino mbili za kimeng'enya, arginini na aspartati, huunda bondi za haidrojeni na ukingo wa besi, kama ambavyo besi mwenza ingefanya, hivyo CTP na ATP (malighafi za herufi C na A) hukubaliwa, ilhali UTP na GTP (za U na G) hukataliwa. Baada ya C mbili kuongezwa, mfuko hubadilika na kuipokea ATP, na A ikishaingia kazi husimama. Tazama michoro miwili bega kwa bega, mmoja wenye CTP na mwingine wenye ATP, ukifuatilia arginini ileile. Nionavyo mimi, hakuna maelezo ya maneno yanayofikia hapo. Kwa viumbe wa kundi la arkea (vijidudu vya seli moja visivyo bakteria) mambo ni tofauti kidogo, kwani Yong Xiong na Thomas Steitz walionyesha mwaka 2004 kwamba tRNA yenyewe hushirikiana na protini kuuunda mfuko huo.

Ukishalielewa hilo, vingine havitakusumbua. Polimerasi ya poli-A hurudia herufi moja tu, na kwa mamalia hujenga mkia wa A zipatazo 250 mwishoni mwa mRNA, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kuunda protini. Fosforilasi ya polinyukleotidi, iliyogunduliwa na Marianne Grunberg-Manago katika maabara ya Severo Ochoa, New York, haina mpangilio wowote: hutumia kile ulichoweka kwenye mrija, na ukiipa UDP pekee (malighafi yake ya herufi U) hutoa mnyororo wa U tupu.

Usiichukulie mada hii kuwa ya mitihani tu. Jeni ya kimeng'enya cha CCA kwa binadamu huitwa TRNT1, na mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba hitilafu zake husababisha ugonjwa wa kurithi unaowaletea watoto upungufu wa damu, kinga dhaifu na homa za kujirudia.