Jibu: Wadudu wadogo wa rangi ya fedha kwenye kabati la vitabu
Umeuliza ni mdudu gani huyo wa rangi ya fedha na umwondoeje. Huyo unayemwona akichomoka nyuma ya vitabu usiku, hana mabawa na ana mikia mitatu, anaitwa silverfish kwa Kiingereza; si mchwa wala hang'ati mtu. Anafuata wanga: gundi ya majalada, karatasi, nguo zilizotiwa wanga. Anastawi penye unyevu, ndiyo maana kupuliza dawa tu ni kupoteza hela bure. Rekebisha bomba linalovuja, sogeza kabati sentimita 5 kutoka ukutani.

Mtego: chupa tupu ya jemu, izungushie nje utepe wa karatasi hadi mdomoni, ndani tia kipande cha mkate. Atapanda kwenye utepe, akitumbukia kioo kinamteleza, hatoki. Vitabu vilivyoliwa vifunge kwenye plastiki, friza nyuzi -18 wiki nzima. Ukivitoa, usifungue mfuko kabla havijaisha baridi na kurudi joto la chumba, vitalowa. Naftalini kwenye rafu iliyo wazi haifui dafu.