Mwanangu, hesabu saa kwanza

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Umeuliza: mwaka huu mpya uache kazi uanze maisha yatakayokuridhisha, au uvumilie? Nitakujibu, ila nitaanzia pembeni kama kawaida yangu. Saa zako zinakwenda wapi? Mtu hulalamika kwamba maisha yake hayana ladha, ukimwuliza wiki iliyopita aliitumiaje, anakodoa macho. Malengo hudanganya, mwanangu. Saa hazidanganyi.

Chukua karatasi kubwa, uilaze. Chora safu saba za kushuka, moja kwa kila siku, kisha mistari 24 ya kukata. Utapata visanduku 168, na hiyo ndiyo wiki, ya tajiri na ya maskini. Vijaze mara mbili kwa siku, adhuhuri na kabla ya kulala. Usingoje Jumapili ujaze yote kwa kumbukumbu, maana utaandika wiki uliyoitamani. Katika kila kisanduku andika neno moja la ulichofanya, na kama ulikuwa na mtu, jina lake. Pembeni weka alama: ya kujumlisha kama saa hiyo ilikuachia nguvu, ya kutoa kama ilikunyonya, duara kama haikuongeza wala haikupunguza. Alama iweke hapohapo, kabla hujaanza kujitetea.

Tena usianze tarehe mosi. Wiki ya kwanza ya Januari si ya kazi wala si ya mapumziko, kila ukipimacho kitatoka kimepinda. Anza Jumatatu ya pili. Hiyo tarehe mosi yenyewe ilipata heshima yake Roma, pale makonsuli, wale wakuu wa serikali yao, walipoanza kushika madaraka siku hiyo mwaka 153 KK. Hakuna aliyeiweka kwa ajili yako. Na karatasi moja haitoshi. Jaza tatu: wiki ya kawaida, wiki ya mwisho wa mwezi, na wiki uliyolemewa.

Tuseme umelala saa 52, umefanya kazi 45, njiani 10, kupika na kufua na usafi 18. Jumla 125. Zinabaki 43. Watu wakiiona hiyo 43 hununa, wakasema hesabu imekosewa. Haijakosewa. Fungua mipangilio ya simu, pale inapoonyesha muda wa matumizi, usome wastani wa siku. Saa tatu kwa siku ni 21 kwa wiki, karibu nusu ya hizo 43. Lakini pia usijiadhibu, kwa sababu saa nyingi zinazobaki huja kwa vipande: dakika ishirini hapa, kumi na tano pale. Vipande sita vya dakika ishirini havijengi saa mbili. Zungushia kalamu nyekundu pale penye saa mbili mfululizo zisizo na mwenyewe. Ukipata nne kwa wiki, una bahati.

Kila nikifika hapo kwenye saa mbili, nakumbuka ile karatasi ya baba yako mlangoni mwa kabati. Unaijua. Malengo 12, moja kwa kila mwezi, mwandiko wa kupendeza, kila lengo na kisanduku chake cha kutia vema. Ulikuwa na miaka tisa. Ukaongeza la 13 kwa penseli, herufi zimelala upande: kunifundisha baiskeli. Akacheka, akaandika mbele yake, nikipata nafasi. Desemba yale 12 yalikuwa na vema tisa, na lako liko vilevile na penseli yake. Mjomba wako ndiye aliyekuja Jumapili moja, akalishika tandiko kwa nyuma, akakimbia nawe mpaka ukajua. Ilichukua saa mbili. Mwaka una saa 8,760.

Baba yako anachungulia begani mwangu, anasema mwaka ule alikuwa zamu za usiku na ada zenyewe zilikuwa zenu. Ni kweli, simlaumu. Namlaumu kidogo. Moyo alikuwa nao. Ila kwenye yale maneno mawili, nikipata nafasi, hamna siku wala saa. Angeandika "Jumamosi nikishavua viatu vya kazi, kabla sijakaa", ungejua kuendesha kabla ya Pasaka. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliliandika jambo hili mwaka 1999: nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu, kwa namna ya "likitokea hili nitafanya lile", hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwa hiyo chochote utakachokiongeza mwaka huu, kifunge kwenye kitu unachokifanya tayari kila siku. "Nikishaweka sahani ya mwisho kabatini, nafungua daftari, naandika mistari miwili." Miwili, si kurasa mbili. Ukianza na saa nzima utashika siku nne, ya tano utachoka, ya sita utaona aibu, na aibu ndiyo inayoua, wala si uchovu.

Kuhusu muda, usiwasikilize wanaosema mazoea hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake, huko London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoeza jambo moja. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo likaanza kujifanya lenyewe, na makadirio ya mtu na mtu yalikwenda kutoka siku 18 hadi 254. Ukianza tarehe mosi Januari, siku ya 66 ni Machi 7. Siku ya 254 ni Septemba. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Basi ukikosa leo, kesho endelea bila hotuba.

Ila kabla hujaongeza, toa. Kila saa inayoingia lazima iwe na saa inayotoka, na uandike ni ipi. Hapa ndipo mipango mingi ya mwaka mpya inapofia: mtu hupanga mazoezi, lugha mpya na kusoma, saa kumi kwa wiki, juu ya wiki iliyokwisha kujaa. Zinatoka wapi? Zinatoka kwenye usingizi, na mtu asiyelala huona kila kitu kina alama ya kutoa. Benjamin Franklin, yule wa Marekani, alikuwa na kijitabu alichokipiga mistari kwa wino mwekundu, safu saba za siku na mistari 13 ya tabia njema, akitia doa jeusi kila alipokosea. Wiki moja aliikazania tabia moja tu. Wiki 13, mara nne, mwaka umekwisha. Na bado alikiri kwamba utaratibu wa kupanga mambo ulimtesa kuliko tabia nyingine. Wewe chukua jambo moja kwa wiki 13. Mwisho wa kila mwezi kaa nusu saa: nini kilijiendesha, nini kilihitaji kusukumwa, nini nitoe.

Wakati mwingine najibishana mwenyewe. Mtu akipima kila saa, si atakuwa saa ya ukutani? Zile saa za usiku wewe na dada yako mlikuwa mkicheka gizani mpaka baba yenu anagonga ukuta, ningezitia alama gani? Najua. Ndiyo maana nasema wiki tatu, basi. Karatasi ikishasema, ichane. Lakini kabla hujaichana, hesabu majina. Wale watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wanaowafuatilia watu tangu 1938 wamekuwa wakiona jambo lilelile, kwamba uhusiano mwema na watu unakwenda pamoja na afya na furaha uzeeni. Wiki yenye visanduku 168 na majina mawili, hata uibadilishie kazi, itakuwa na njaa ileile. Saa hazidanganyi, nimeshasema.

Sasa kazi. Tazama alama za kutoa zilivyokaa ndani ya zile saa 45. Zikiwa zimerundikana mahali pamoja, vikao vya Jumatatu au ripoti fulani au mtu fulani, hilo ni jambo la kuombea mabadiliko. Zikiwa zimetapakaa hata siku kazi inapokwenda vizuri, hilo ni jingine. Maisha unayoyatamani nayo yaonje kabla hujayahamia. Tafuta watu watatu wanaoyaishi, mmoja wao awe ameyaacha. Usiwaulize kama wanafurahi, watasema ndiyo. Waulize: Jumanne iliyopita ilikuwaje, tangu ulipoamka? Kisha kwa miezi mitatu, ukiwa bado kazini, ishi kwa kipato unachokitarajia kule, tofauti uiweke kando. Wengi hukwama kwa kusahau matumizi ya mara moja kwa mwaka, bima na matengenezo na ada. Yajumlishe ya mwaka jana, gawanya kwa 12, uyatie kwenye kila mwezi. Ukifika mwezi wa tatu bila kukopa, na akiba yako inatosha miezi sita, utakuwa na haki ya kuuliza swali lako.

Uache au usiache? Jibu ninalo, na ulimi unaniwasha. Lakini mara ya mwisho nilipokujibu swali la namna hii ulinitii, na sote tunajua yale masomo yaliishia wapi. Sitasema. Nasema tu kwamba katika barua yako neno "kazi" limetokea mara nne, na ile safari ya kwenda na kurudi umeilalamikia mara saba. Sihesabu makusudi. Haya, nahesabu.

Nitumie karatasi ya kwanza ikijaa, hata ikiwa na madoa. Na baba yako anauliza pampu ya baiskeli uliiweka wapi mara ya mwisho ulipokuja. Baiskeli yenyewe ameishusha kutoka darini tangu asubuhi, anasema mjukuu akija Jumamosi, saa kumi, atakuwa amekwisha kuvua viatu.

Mama