Rada Ije Mwisho: Maswali ya Wenye Boti Ndogo

Kusi imeanza kulegea, boti zimepandishwa mchangani kupakwa rangi, na watu wamekaa na pesa mkononi wakitafuta cha kufunga kabla ya kaskazi. Ndiyo maana barua karibu zote za safari hii zinauliza habari za chatiplota, yaani kioo kinachoonyesha ramani ya bahari na mahali ulipo, na rada. Nimechagua saba.

Shikamoo nahodha. Nina boti ya faiba ya futi 23, mashine mbili, navua kwa starehe kati ya Kilifi na Watamu. Kaka yangu aliyeko Uingereza ananiambia chatiplota bila rada ni kazi bure. Pesa yangu inatosha chatiplota moja nzuri, au vyote viwili vya bei ya chini. Nishike lipi? (Mvuvi wa Jumamosi, Kilifi)

Marahaba mwanangu. Kaka yako anasema kweli, ila ni kweli ya huko aliko. Kule ukungu unashuka asubuhi huoni hata omo ya boti yako, na meli zinapita mfululizo kama magari ya barabara kuu. Kwetu ukungu wa namna hiyo ni nadra mno. Kinachovunja boti zetu ni mwamba uliojificha chini ya maji, na kinachotutisha usiku ni chombo cha mbao kisicho na taa. Rada ni dhaifu kwa vyote viwili. Mawimbi yake ya redio yanaruka juu ya maji, hayazami. Mwamba uliofunikwa hata kwa nusu mita haiuoni. Labda ione mawimbi yanayovunjika juu yake, kama yanavunjika. Na ngalawa ya mbao yenye tanga la kitambaa hurudisha mwangwi hafifu sana, leo unauona, kesho umepotelea ndani ya mawimbi.

Kwa hiyo nunua chatiplota nzuri ya inchi 9 yenye kipima kina ndani yake, na sensa ya kina ifungwe vizuri. Kikibaki kitu, weka redio ya VHF ya kufunga, si ya mkononi. Baada ya hapo AIS, kifaa ambacho kwacho vyombo hutangaziana kwa redio mahali vilipo. Rada ije mwisho, ukianza kusafiri usiku au kwenda mbali na pwani. Ila nunua kioo ambacho kitakubali rada siku hiyo ikifika. Matoleo mengine ya bei ya chini hayana hata tundu la kuichomekea, na muuzaji hatakwambia usipomwuliza.

Kuna rada mbili dukani. Moja imeandikwa maili 24, nyingine maili 36, tena hii ya pili ina kilowati 4 na ile ya kwanza wati 20 tu. Mbona bei zinakaribiana? (Abiria wa Bahari, Dar es Salaam)

Maili zilizoandikwa kwenye boksi zisahau. Rada inaona kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mzizi wa pili wa kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, kisha fanya vivyo hivyo kwa kimo cha kile unachokitafuta, ujumlishe. Antena yako ikiwa mita 3 juu ya maji, unapata karibu maili 4. Boti ndogo yenye kimo cha mita 1 inaongeza maili 2 na kidogo. Jumla yake ni kama maili 6 za bahari. Meli yenye kimo cha mita 25 utaiona kwenye maili 15 hivi. Maili 36 utaona nini? Mlima, au wingu kubwa la mvua. Basi.

Kuhusu wati, usilinganishe embe na nazi. Ile ya kilowati 4 ni ya magnetroni, teknolojia ya zamani: inapiga mshindo mmoja mkali, mfupi. Hizi mpya zinatoa mawimbi ya nguvu ndogo kwa muda mrefu zaidi, halafu kompyuta yake inayabana na kuyasoma. Kwa boti ndogo napendelea hizi mpya. Zinawaka mara moja badala ya kukungojesha dakika moja na nusu zipate moto, zinakula umeme kidogo, na zinaona vizuri vitu vilivyo karibu, ambavyo ndivyo vitakavyokugonga. Zenye Doppler, yaani zinazopima mwendo wa kitu, zinakipaka rangi kile kinachokujia; ni msaada mkubwa kwa mtu aliyechoka.

Kitu cha kuangalia hasa ni upana wa antena. Lile kopo jeupe la inchi 18 lina mwale wa kama digrii 5. Kwa umbali wa maili moja, digrii 5 ni mita 160 hivi. Maana yake boti mbili zilizoachana mita 100 utaziona kama boti moja, na mlango wa mwamba wenye upana huo huo utauona umefungwa. Kopo la inchi 24 linashusha mwale hadi digrii 4 hivi, na ukiwa na nafasi juu ya kibanda, nafuu hiyo inafaa bei yake. Zipo programu za kuunoa mwale. Zinasaidia, lakini antena pana ni antena pana.

Nilitia nanga kando ya kisiwa, chatiplota ikaniambia nimesimama nchi kavu, katikati ya miti. Nimeuziwa kitu kibovu? (Mgeni wa Shimoni)

Hapana, GPS yako inajua ulipo kwa kukosea mita chache tu. Kilichokosea ni ramani. Jambo hili nitalikalia kidogo kwa sababu limeumiza watu.

Sehemu kubwa ya pwani yetu ilipimwa mara ya kwanza kwa utaratibu na jeshi la majini la Uingereza, chini ya Kapteni William Owen, katika miaka ya 1820, kwa bildi ya risasi na kamba na kwa kutazama nyota. Njia za meli kubwa zimepimwa upya mara nyingi. Vichochoro baina ya visiwa na mafungu, huko tunakotembea sisi wa boti ndogo, vingi havikupata bahati hiyo. Juu ya hapo, ramani za nchi kavu za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84, na vipimo hivyo viwili vinapishana kwa zaidi ya mita 100. Mtu akiinakili ramani ya zamani kwenye kompyuta bila kusahihisha tofauti hiyo, kisiwa kinahama.

Kuna hatari nyingine, ya kukuza na kupunguza ramani. Ukiipunguza ili uone safari nzima, chatiplota inaficha vitu vidogo ili kioo kisijae, na "kitu kidogo" kinaweza kuwa mwamba mzima. Tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano ya Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda kwa kasi usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Mabaharia wa daraja la dunia, vyombo vya kisasa kabisa. Kwa namna walivyokuwa wameitazama ramani, mwamba haukuonekana kuwa mwamba. Wote walitoka hai, mashua ikaja kuondolewa baadaye ikiwa imevunjika. Kwa hiyo kabla hujang'oa nanga, ipitie njia yako yote kwa ramani iliyokuzwa, kipande kwa kipande. Ni kazi ya kuchosha. Kunywa chai huku unaifanya.

Dawa nyingine: chatiplota nyingi sasa zinaonyesha picha za setilaiti, na kwenye kompyuta ya mezani programu ya bure ya OpenCPN inakubali picha hizo pia. Mwamba wa matumbawe unaonekana kwenye picha hata kama kwenye ramani haupo. Halafu jiwekee njia zako mwenyewe: chatiplota inaacha mkia kila unapopita, uhifadhi. Ila andika na saa ya maji! Mimi niliwahi kurudi juu ya mkia wangu mwenyewe kwa majivuno makubwa, nikasahau kwamba asubuhi nilipita maji yamejaa na sasa yanakupwa, tena ni bamvua. Bahari hapa, Mombasa kama Unguja, inapanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Nilikaa juu ya fungu saa tano, watoto wa kuokota chaza wakinipitia kwa miguu na kuniamkia kwa adabu.

Na ukiingia mlango wa mwamba, ingia jua likiwa juu au nyuma yako, mtu mmoja asimame omo na miwani ya kukata mng'aro. Hiyo haina betri.

Je, naweza kununua kioo cha Garmin kwa sababu ramani zake nazipenda, halafu rada ya Raymarine niliyopata kwa rafiki? (Fundi Mwenyewe, Tanga)

Haiwezekani. Waya wa NMEA 2000 unaunganisha kampuni yoyote na yoyote kwa vitu vyepesi: mahali ulipo, kina, upepo, hali ya injini, AIS. Picha ya rada haipiti humo; inapita kwenye waya wake au kwa Wi-Fi, kwa lugha ya kampuni yenyewe. Rada na kioo vitoke nyumba moja. Hata ndani ya nyumba moja, rada ya zamani na kioo kipya huenda visisalimiane, kwa hiyo ya rafiki usilipe kabla hujaiona ikiwaka kwenye kioo utakachotumia.

Betri yangu ni moja ya 100 Ah (ampea-saa). Itahimili? Na mchana niizime rada kuokoa umeme? (Nahodha Mchumi, Mtwara)

Kioo cha inchi 9 kinakula kama ampea 2, rada mpya ya kopo ampea 1.5 hivi, ya magnetroni hufika 3. Chukua ampea 4 kwa usiku wa saa kumi: ni 40 Ah. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50, na bado hujawasha taa wala redio. Ongeza betri ya pili, ya vyombo peke yake. Faida yake nyingine ni kwamba ukipiga stata, umeme ukishuka, chatiplota haizimiki na kuanza upya pale pale unapoihitaji.

Mchana iwashe. Kwanza, kanuni ya 7 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, inasema mwenye rada inayofanya kazi lazima aitumie ipasavyo. Ukigonga mtu na rada yako imezimwa, una maswali ya kujibu. Pili, mchana mweupe ndio darasa. Unaona ngalawa kwa macho, unaitafuta kwenye kioo, haipo. Unajifunza kuongeza nguvu ya kupokea kidogo kidogo hadi itokee. Anayeiwasha mara ya kwanza usiku kwenye mvua anaangalia televisheni tu.

Asalaam aleikum. Babu zangu ni wa Unguja, mimi nipo Maskati, nina boti ya futi 28 na hupenda kwenda Musandam, kwenye mlango wa bahari wa Hormuz. GPS ya huko siku nyingine inarukaruka. Bado utasema rada ije mwisho? (Mzawa wa Maskati)

Waaleikum salaam. Kwako wewe, hapana. Maji ya Hormuz si maji ya Watamu. Juni 2025 meli nyingi huko zilionekana kwenye AIS zikiwa juu ya nchi kavu kwa sababu ya kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS. Chatiplota peke yake, GPS ikidanganywa, inakudanganya kwa rangi nzuri. AIS nayo inasema mahali pa meli kwa kutegemea GPS hiyo hiyo. Rada haihitaji setilaiti: inapiga, inapokea, inakwambia jabali lile liko maili ngapi. Na majabali ya Musandam, yaliyosimama wima kutoka majini, ni chakula cha rada.

Funga dira ya elektroniki, maana bila hiyo picha ya rada haikai sawasawa juu ya ramani. Kisha ilaze picha ya rada juu ya ramani kwenye kioo. Mwambao wa rada ukikaa sawa na mwambao wa ramani, endelea. Ukiachana nao ghafla, amini rada na kipima kina, uongoze kwa dira.

Tunavuka kutoka Tanga kwenda Pemba mara nyingine usiku. Mume wangu anataka AIS tu, mimi naogopa majahazi yasiyo na taa. Pia nina watoto. Hiyo rada haiwadhuru? (Mama Nahodha, Tanga)

Mama, AIS mnaihitaji, kwa sababu meli kubwa ndizo zinazoweza kuwapitia juu bila kuhisi. Sheria ya kimataifa inazilazimu meli za tani 300 na zaidi za safari za kimataifa kuwa nayo. Nunueni ya kupokea na kutuma, daraja B. Inataka namba ya MMSI, ya kukitambulisha chombo chenu kwenye redio, yenye tarakimu 9. Ya Tanzania huanza na 674 au 677. Hakikisheni namba kabla ya kuiingiza, kwani vifaa vingi vinakubali kuandikwa mara moja tu.

Lakini jahazi lisilo na taa halitaonekana kwenye AIS hata siku moja. Rada italiona likikaribia, mara nyingi, si kila mara. Itawaonyesha pia pazia la mvua kabla halijafika. Kwa safari zenu za usiku mko karibu kuliko wengi na siku ya kuinunua. Hadi hapo, punguzeni mwendo, zimeni taa za ndani, fifisheni kioo, na mmoja akae nje anatazama.

Kwa watoto: rada mpya ya kopo inatoa nguvu ndogo sana. Ifungwe juu ya vichwa, isiwe usawa wa uso wa mtu aliyekaa, na umbali ulioandikwa kwenye kijitabu chake ufuatwe. Isikae pia karibu na dira ya sumaku. Na mtoto akitaka kupanda juu ya kibanda, kwanza izimeni rada.