Ruta inapiga PPPoE lakini haiungi, na 4G ya akiba haishiki

Waalaykum salaam sheikh. Umeeleza mambo matatu kuhusu ile nyumba ya wageni hapo Mji Mkongwe: ruta mpya inapiga tu wala haiungi, ilipounga, WhatsApp ilikwenda lakini ukurasa wa benki ukagoma, na laini ya 4G ya akiba haishiki faiba ikikatika. Kila moja lina sababu yake, na kuiriseti ruta hakutibu hata moja.

Kwanza jua nani anapiga. Kwenye PPPoE, njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nywila, kifaa kimoja ndicho kinachopiga, yaani kinachopeleka jina na nywila kwa mtoa huduma, na kile kisanduku cha faiba ukutani mara nyingi huja kimeshasetiwa kupiga chenyewe. Ukiweka ruta yako nyuma yake nayo ipige, itapiga mpaka kesho, hakuna wa kuijibu. Basi ama uwaombe wakigeuze kisanduku kiwe daraja tu, yaani kipitishe mtandao bila kupiga chenyewe, ama ukiache kilivyo na WAN ya ruta (upande unaoingia intaneti) uiseti DHCP, ipokee anwani kutoka kwenye kisanduku bila kupiga. Kwako wewe nashauri hii ya pili. Ila vyote viwili vikiwa na anwani 192.168.1.1 vitagongana, kwa hiyo badilisha anwani ya LAN ya ruta (upande wa vifaa vya ndani) iwe 192.168.10.1 kabla hujachomeka kebo ya WAN.

Ukitaka lazima ruta ndiyo ipige, dai vitu vitatu: jina kamili pamoja na kilichoko baada ya @, nywila, na namba ya VLAN, ile inayotenganisha njia ya intaneti ndani ya kebo moja. Hii namba ndiyo watu huisahau. Halafu soma logi, kumbukumbu za ruta. Ukiona PADI (wito wa ruta) zinatoka na hakuna PADO (jibu la mtoa huduma) inayorudi, usihangaike na nywila. Tazama VLAN, kebo, au pengine kisanduku bado hakijawa daraja. Ukiona imejibiwa kisha PAP au CHAP (ukaguzi wa jina na nywila) imekataliwa, hapo ndipo jina au nywila ina kasoro. Na ukiwa umebadilisha ruta sasa hivi, kipindi (muunganisho) cha ruta ya zamani huweza kuwa bado kimeshikiliwa upande wao: zima kila kitu dakika kumi ndipo uwashe.

Ukurasa wa benki kugoma ni tatizo la MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. Kebo ya kawaida hubeba pakiti ya baiti 1500, PPPoE inachukua 8, zinabaki 1492. Ujumbe mfupi hupenya, pakiti kubwa hutupwa njiani, na taarifa ya kutupwa ikizuiwa na kizuizi fulani mbele huko, ukurasa unazunguka bila kufunguka. Kwenye kompyuta ya Windows andika amri hii ya ping, inayotuma pakiti ya kujaribu na kungoja jibu:

ping -f -l 1464 8.8.8.8

Ikikataa, punguza kumi kumi mpaka ipite, kisha ongeza 28 kwenye namba iliyokubali. Hiyo ndiyo MTU ya kuandika kwenye WAN. Kwa 1492, MSS (data iliyomo ndani ya pakiti bila vichwa vyake) iwe 1452.

Sasa 4G. Ruta nyingi hutazama kama kebo ya WAN ina taa, basi. Faiba ikikatika barabarani, kebo baina ya kisanduku na ruta bado inawaka, kwa hiyo ruta inaona mambo shwari. Washa ukaguzi wa ping kwenda anwani mbili, 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kila sekunde 10, ihamie laini ikikosa jibu mara tatu. APN, jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, iandike kwa mkono, na PIN ya laini iondoe kwanza kwa kuichomeka laini kwenye simu.

Halafu kuta zenu za mawe ya matumbawe hunyonya mawimbi vibaya sana. RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya 4G, ikisoma chini ya -110 dBm usitegemee kitu. Tafuta -95 au bora zaidi. Ipandishe ruta ya 4G ghorofa ya juu karibu na dirisha, mtandao wake uushushe hadi ruta kuu kwa kebo ya Cat6. Kebo ikipita nje upande wa bahari, plagi yake huota kutu ya kijani kwa chumvi, kwa hiyo kichwa kikae ndani na kebo ipinde chini kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee hapo.

Umeme nao: UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ilishe ruta pamoja na kisanduku cha faiba, ukishahakikisha adapta zote mbili zimeandikwa volti 12. Ukiilisha ruta peke yake, umeme ukienda kisanduku kinazima, ruta inahamia 4G, na wageni wanalimaliza bando kwa video. Wi-Fi ya wageni ibane Mbps 2 kwa kila mtu wakati akiba inafanya kazi.