Vena za Mfuko wa Chakula Zinazovuja Damu: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu tatizo moja: vena zilizovimba ndani ya mfuko wa chakula, mara nyingi kwa sababu ya ini lililojaa makovu au kichocho cha muda mrefu, kisha zikapasuka. Tumeanza na swali la dharura.

Baba ana ugonjwa wa ini na jana alitapika damu nyingi. Yuko hospitali. Wataanza na nini?

Pole sana. Kabla ya kuziba vena ni lazima mwili wake utulie. Huwekewa kanula mbili nene, na kama fahamu zimepungua au bado anatapika damu, mrija wa hewa huwekwa kabla ya endoskopia, yaani kipimo cha mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ili damu isiingie mapafuni.

Damu ya kuongezewa ina kipimo chake. Kwa wagonjwa wengi huanzwa hemoglobini inaposhuka chini ya 7 g/dl, na lengo ni 7 hadi 8. Ndugu wengi hulalamika kwamba mgonjwa wao amenyimwa damu, ila damu ikizidi hupandisha shinikizo kwenye vena za ini, na tundu lililoanza kuziba hufumuka tena. Wakati huohuo hupewa dawa ya kubana mishipa, kwa mfano terlipressin miligramu 2 kila baada ya saa 4, au octreotide mikrogramu 50 kwa mkupuo kisha mikrogramu 50 kila saa kwa dripu. Hizi hazisubiri endoskopia. Zinaanza pale tu daktari anaposhuku vena zimepasuka. Ceftriaxone gramu 1 kwa siku nayo hutolewa hata asiye na homa, maana maambukizi baada ya kuvuja damu huua wagonjwa wa ini.

Endoskopia ifanyike ndani ya saa 12, mgonjwa akishatulia. Damu ikigoma kabisa, puto la Linton-Nachlas huingizwa na kujazwa hewa ili likandamize sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Lisikae zaidi ya saa 24, kwa sababu linaminya ukuta wa mfuko wa chakula mpaka unakosa damu. Puto hilo ni la kununua muda tu. Likishatolewa bila tiba nyingine, damu hurudi.

Jirani yangu alifungwa mipira kwenye vena za umio akapona. Mbona mimi nimeambiwa zangu hazifungwi?

Inategemea zilipo. Vena za umio ni nyembamba na ziko juujuu, mpira unazikaba vizuri. Zile zinazoshuka kutoka umio kufuata upande mfupi wa mfuko wa chakula zinaweza pia kufungwa au kupigwa gundi. Lakini zilizo kwenye kuba la juu la mfuko ni pana, zimezama ndani zaidi, na damu yake inakwenda kasi. Mpira hushika kipande tu cha vena. Siku chache baadaye unadondoka na kuacha kidonda juu ya vena iliyo wazi, na hapo mgonjwa hutoka damu kuliko mwanzo.

Ulizia pia kama vena ya bandama imeziba, hasa kama umewahi kuugua kongosho. Hapo ini linaweza kuwa zima kabisa, na tiba ikawa kuondoa bandama au kupunguza damu inayoingia humo.

Gundi wanayochoma ni ya aina gani? Haiwezi kufika mapafuni?

Ni sianoakrileti ya kitabibu. Ikigusa damu hukauka kwa sekunde chache na kuziba vena kutoka ndani. Mchanganyiko uliozoeleka ni mililita 0.5 za gundi kwa 0.8 za lipiodol, mafuta yanayoonekana kwenye eksirei. Huchomwa kidogo kidogo, takriban mililita 1 ya mchanganyiko kila mara, kisha mrija wa sindano husukumwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kwa kiasi kilekile kinachojaa ndani ya mrija, na sindano huchomolewa mara moja.

Ndiyo, inaweza kufika mapafuni. Lipiodol ikizidi, gundi inachelewa kukauka na damu inaibeba. Ikiwa moyo una tundu kati ya vyumba vya juu, kipande kinaweza kwenda hata kwenye ubongo. Lipiodol ikipungua, tatizo linageuka: gundi hukauka haraka mno, sindano ikanasa ndani ya vena au kifaa cha endoskopia kikaharibika. Ndiyo maana ncha ya kifaa hupakwa mafuta ya silikoni, hakivutwi hewa wala majimaji kwa sekunde kadhaa baada ya kuchoma, na kila aliye chumbani huvaa miwani, mgonjwa naye hufunikwa macho.

Palipo na endoskopia yenye ultrasaundi, koili za chuma, yaani nyaya ndogo zilizosokotwa, huweza kuwekwa kwanza ndani ya vena. Gundi hushika kwenye koili hizo, kiasi chake kinachohitajika kinapungua, na hatari ya kusafiri nayo inapungua. Kwa vena kubwa, tunaipendelea njia hii.

Wiki au miezi baadaye gundi hujisukuma kutoka kwenye ukuta wa mfuko wa chakula na kuangukia ndani ya mfuko. Damu kidogo inaweza kutoka wakati huo. Choo cheusi kama lami kisidharauliwe.

Nimesikia kuna njia ya kupitia kinena bila kupasua tumbo. Inafanywaje?

Inaitwa BRTO, na ni wataalamu wa Japani walioieneza miaka ya 1990. Inawezekana kwa sababu vena nyingi za kuba la mfuko wa chakula hutoa damu yake kwa mchepuko, yaani njia ya pembeni ya damu, unaoishia kwenye vena ya figo la kushoto. Mtaalamu anaingilia mlango huo wa kutokea.

Kwanza ni CT skani yenye dawa ya kuonyesha vena. Bila picha hiyo kazi isianze. Ikionyesha hakuna mchepuko, njia hii haifai. Ikionyesha vena ya lango, ile inayopeleka damu kwenye ini, imeziba, kufunga mchepuko kunaweza kuwa kufunga njia pekee iliyobaki.

Kwa ganzi ya eneo, katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye vena ya kinena au shingo, ikafika vena ya figo la kushoto, ikaingia kwenye mchepuko. Puto hujazwa mahali pembamba zaidi ili damu isitoke, kisha dawa ya picha husukumwa. Hapa ndipo penye kazi: mara nyingi vijitokeo vidogo huonekana, vingi vikielekea kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Visipozibwa kwa koili, dawa ya kukausha vena itapita humo na kufika moyoni na mapafuni.

Dawa yenyewe ni ethanolamine oleate, au sodium tetradecyl sulfate ya asilimia 3 iliyopigwa povu: sehemu 3 za hewa, 2 za dawa, 1 ya lipiodol. Husukumwa polepole chini ya eksirei mpaka kifundo chote cha vena kijae, na husimamishwa kabla haijafika vena ya lango. Ethanolamine hupasua chembe nyekundu za damu, mkojo huwa mwekundu na figo huweza kuumia, kwa hiyo maji ya dripu na kipimo cha figo ni lazima. Povu halina shida hiyo kwa kiwango hicho.

Puto huachwa limejaa kwa saa kadhaa, wakati mwingine usiku kucha. Likipasuka mapema, dawa inakimbia. Hofu hiyo ndiyo iliyoleta PARTO, iliyotokea Korea Kusini: badala ya puto, kizibo cha nyuzi za chuma kipana kuliko mchepuko kwa angalau asilimia 20 huachwa humo moja kwa moja, nyuma yake vikajazwa vipande vya sponji ya jelatini. Mgonjwa halali na katheta mguuni.

Nilifanyiwa BRTO, vena zimeziba, lakini sasa tumbo linajaa maji. Imeshindikana?

Hapana. Damu iliyokuwa ikipita kwenye mchepuko sasa inarudi kwenye ini, na shinikizo la vena ya lango hupanda. Matokeo yake ni maji tumboni au kifuani, na vena za umio kukua. Hilo la umio ndilo la kuogopwa. Endoskopia irudiwe ndani ya wiki 4 hadi 6, na zikionekana kubwa zifungwe mipira. Propranolol au carvedilol husaidia, ila namba ya juu ya kipimo cha presha ikishuka chini ya 90 daktari ataipunguza dawa hiyo au kuisimamisha.

Kwa upande mwingine, waliokuwa wakichanganyikiwa kwa sababu sumu za utumbo zilikuwa zikilikwepa ini, wengi hupata nafuu ya akili baada ya mchepuko kuzibwa.

Na TIPS?

Hiyo ni stenti, yaani mrija mdogo wa chuma, inayounganisha vena ya lango na vena ya ini ili kushusha shinikizo, tofauti ikilengwa kuwa chini ya 12 mmHg. Inamfaa zaidi mwenye maji mengi tumboni au vena kubwa za umio. Hasara yake ni kuchanganyikiwa, na haifai kwa moyo ulioshindwa kazi. Vena za kuba zinaweza kuendelea kuvuja hata shinikizo likishuka, hivyo mara nyingi huzibwa kwa koili au gundi katika kikao hichohicho.

Dawa gani za maumivu naweza kumeza?

Paracetamol, isizidi gramu 2 kwa siku kwa mwenye makovu ya ini. Diclofenac, ibuprofen na aspirini za kutuliza maumivu usiguse. Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kimya kimya. Mwambie daktari wa moyo na wa ini waamue pamoja.